Tupeane uzoefu: waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, Arusha na Moshi

Fundi wa Sakina

Wapendwa, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo mwaka mmoja na nusu, leo nalitoa. Nilikatwa tumbo la chakula ili nipungue uzito. Naomba na wengine mliopitia, au mnaouguza aliyepitia, mseme ya kwenu. Nilipokuwa natafuta mtu wa kumwuliza hapa Arusha sikumpata. Baadaye nikajua kumbe tupo, ila kila mmoja kajifungia kwake.

Nilikuwa na kilo 134, urefu mita 1.60. BMI yake, yaani uzito ukipimwa kwa urefu, ni 52, na madaktari wengi walikuwa wanaanza kuzungumzia upasuaji ukifika 40, au 35 kama tayari una kisukari au presha. Presha nilikuwa nayo, dawa aina mbili. Usiku nakoroma hadi pumzi inakata, mwanangu wa darasa la tano anaamka kuja kunitikisa. Huyo mtoto ndiye aliyenipeleka hospitali. Kufunga, tangawizi, ndimu na maji ya moto, dawa za majani, kote nilishapita: zinatoka kilo 8, zinarudi 10.

Niliuza kiwanja cha Ngaramtoni, nikapanda gari la Namanga kwenda Nairobi. Wiki mbili kabla walinitoa kwenye wanga na mafuta ili ini lisinyae, maana ini lenye mafuta linalalia tumbo na kumzibia daktari njia. Hawakunipasua tumbo zima. Ni matundu matano, kamera ikaingia, wakakata zaidi ya robo tatu ya tumbo kwa urefu, ikabaki sehemu nyembamba kama mrija. Kilichokatwa hakirudi, mlijue hilo kabla ya kuuza kiwanja.

Jioni ile ile nesi alinisimamisha nitembee koridoni, damu isije ikaganda miguuni. Maumivu yaliyonisumbua zaidi yalikuwa begani, kwa ile gesi wanayojaza wapate kuona ndani. Kesho yake nikapewa maji kwenye kile kikombe kidogo cha dawa ya maji, mililita 30, niyanywe taratibu kwa robo saa. Mimi niliyekuwa namaliza chupa ya soda nikiwa nimesimama, nilikishika kile kikombe kwa mikono miwili.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Watu niliwaambia nimefanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo. Aliyejua ni mume wangu na dada yangu tu. Wiki ya tano mama mkwe akapanda gari kutoka Machame na chupa ya chai imejaa mtori wa nyama ya mfupa, kama alionipikia nilipojifungua. Nikala vijiko vinne, nikaweka kijiko chini. Akatazama bakuli, akanitazama, akafunika chupa yake. Kitenge alichoniletea alikiacha juu ya kiti, hakunikabidhi mkononi.

Mwezi wa nne nikafumua rasta, zikatoka na nywele zangu, bumba la nywele la kujaa kiganja. Uso umeingia ndani. Kwenye kikoba mama mmoja akanivuta pembeni, akanishika mkono, akasema: "Mwenzangu, CTC dawa ni bure, usijifiche ukafa." CTC ndiko wanakochukua dawa wenye virusi vya UKIMWI. Alisema kwa upendo kabisa. Nililia mbele yake. Mtu ananihangaikia kwa ugonjwa nisio nao, na mimi ndiye niliyemnyima cha kujua. Jioni hiyo nikampigia mama mkwe nikamweleza yote, tangu kiwanja. Akanyamaza, halafu akauliza: "Kwa hiyo mtori wangu haukuwa mbaya?"

Leo nina kilo 86. Presha nimebaki na kidonge kimoja, na mtoto analala. Kiungulia sikuwa nacho, sasa ninacho, nalalia mito miwili. Vitamini ni kila siku, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na hazina mwisho. Protini niliambiwa isipungue gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, pigeni hesabu wenyewe kwa tumbo la kula vijiko. Kiuno, kwa futi kamba yangu mwenyewe, kilikuwa inchi 54, sasa 39.

Haya, nawasikiliza.

Mzee wa Pasua

Pole na hongera, mama. Mimi ni wa Moshi, miaka 56, kisukari miaka 11, insulini asubuhi na jioni. Nilikwenda India. Yangu ni baipasi: wanatenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, wanakiunganisha na utumbo mdogo, chakula kinaruka tumbo lililobaki. Insulini niliachishwa nikiwa bado wodini, kabla hata uzito haujashuka, nikadhani wamekosea faili. Daktari akaniambia, mzee, usiseme umepona, sema kimelala, kinaweza kuamka. Napima sukari hadi leo.

Yamenipata mambo. La kwanza, harusini. Nilikula keki nikashushia soda. Haikupita nusu saa jasho linatiririka, moyo unakwenda mbio, tumbo linanyonga, nikaenda kulala kwenye gari watu wakidhani nimelewa. Sukari ikiingia kwa kasi kwenye utumbo ndiyo kazi yake hiyo. Na pombe nayo inapanda haraka mno. Mbege kata moja, niliyokuwa nakunywa na kuendelea na shughuli, sasa inanitosha kuanguka. Nimeacha.

La pili lilitaka kuniua. Mgongo uliuma, nikanunua diklofenaki duka la dawa, nikameza wiki mbili. Choo kikawa cheusi kama lami. Kumbe dawa za jamii hiyo, na aibuprofeni pia, zinachimba kidonda pale walipounganisha. Muuzaji hakuniuliza, na mimi sikumwambia kwamba nimeunganishwa. Niliona aibu kueleza mbele ya foleni.

Binti Upare

Shikamoo mzee. Dada fundi, asante kwa kufungua. Nina swali: mimba inakuwaje? Nimeolewa miaka minne sijashika, na daktari anasema uzito ndio unaovuruga hedhi.

Mama Pacha Njiro

Binti, nikujibu kwa yaliyonipata. Mimi nami nilikuwa sishiki. Baada ya upasuaji tuliambiwa tusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, nikaona hayanihusu, mimi tasa. Mwezi wa saba nikashika! Mwili ukipungua mayai yanaamka. Damu ilishuka, nikaongezewa madini ya chuma kwa dripu, kliniki kila wiki mbili, roho juu miezi yote. Watoto wazima, Mungu ni mwema, lakini sitaki upite nilipopita. Na waulize kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, kwa wa baipasi mwili unaweza usivifyonze vizuri. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi.

Mkazi wa Usa River

Mimi nimesita kuandika. Nilikatwa kama dada fundi. Wiki ya sita nikaanza kutapika, kila nikila natapika, nikajipa moyo kwamba ndivyo tumbo linavyozoea. Wiki tatu hivyo. Vitamini nazo nikaziacha kwa sababu zilikuwa zinarudi. Miguu ikaanza kuwaka moto, kisha ganzi, kisha nikawa natembea nashika ukuta. Zahanati moja wakanitibu malaria, mara mbili. Nilipoulizwa kama nimewahi kufanyiwa upasuaji nikasema hapana, kwa sababu nesi wa pale ni jirani yangu.

Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa, akanivua shati yeye mwenyewe mbele ya daktari, akamwonyesha makovu. Daktari akasema ni upungufu wa vitamini B1, akaanza kunichoma siku hiyo hiyo. Mwili hauna akiba kubwa ya hiyo vitamini, ukitapika wiki chache inaisha, na ukichelewa inapiga hadi ubongo. Sasa natembea. Vidole vya mguu wa kulia bado sivisikii.

Karatasi ya upasuaji nimeitolea nakala. Moja iko kwenye pochi, moja kwa mdogo wangu.

Nesi Mstaafu

Pole sana mwanangu wa Usa. Niongeze kidogo. Wiki za mwanzo, moyo ukienda mbio hata umekaa, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au pumzi kubana, usisubiri asubuhi. Pale waliposhona panaweza kuwa panavuja, au damu imeganda. Nenda usiku huo huo na useme ulichofanyiwa.

Baba Neema

Mimi ni mume wa aliyefanyiwa. Naandika kwa niaba yangu tu. Miezi miwili nilikuwa bado naleta chipsi mayai nyumbani jioni kama zamani, nikiona naonyesha upendo. Alikuwa anatoka nje kukaa barazani hadi nimalize. Sikuuliza. Kinaniuma mpaka sasa.

Binti Upare

Nimesoma yote, na mama yangu nimemsomea kwa sauti. Tumekaa jikoni hapa. Yeye anauliza, dada fundi, ule mtori mlikuja kuufanyaje?

Fundi wa Sakina

Mwambie mama shikamoo. Wiki mbili za mwanzo ni vya majimaji tu, asiuguse mpaka daktari aruhusu vya kupondwa. Achukue ndizi mshare mbili, mfupa wenye nyama kidogo, achemshe mpaka vilegee kabisa. Mafuta yanayoelea ayaengue yote. Apondeponde, alegeze kwa supu, kisha apitishe kwenye chujio la chai, akisukuma kwa mgongo wa kijiko. Pilipili hapana. Maji usinywe pamoja nao, acha nusu saa. Mama mkwe wangu sasa anauleta kwenye kopo dogo la mtoto, vijiko sita vinaingia, na anakaa pembeni yangu mpaka viishe.