Mzabuni ametuachia swichi za iSCSI bila kuzipima, kisha anailaumu hifadhi

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza kwa utaratibu ili wenye ujuzi wapime wenyewe kama ninamwonea mtu. Chama chetu cha akiba na mikopo kilinunua seva mbili, hifadhi moja ya diski yenye vidhibiti viwili, na swichi mbili za gigabiti 10 za kuziunganisha kwa iSCSI, yaani itifaki ya kupeleka amri na data za diski kupitia mtandao. Mzabuni, ambaye sitamtaja, alilipwa kuvisanidi vyote. Tangu hapo mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva hizo) zimekuwa zikiganda mchana, wanachama wakiwa wamejaa dirishani, na kila tukimpigia simu jibu ni lilelile: hifadhi yenu ni mbovu, irudisheni kwa aliyewauzia.

Hifadhi si mbovu. Seva na hifadhi zote ziliwekewa MTU, yaani ukubwa wa juu wa kifurushi kimoja cha data, ya baiti 9000, swichi ya kwanza ikawekewa 9216, na swichi ya pili ikaachwa kwenye 1500 kama ilivyotoka kiwandani. Kosa hili hujificha vibaya sana. Seva huingia kwenye hifadhi kupitia poti 3260 bila shida na diski zote huorodheshwa, kwa kuwa ujumbe wa kuingia ni mdogo na hupenya. Hata vile vijumbe ambavyo iSCSI hutuma kila baada ya muda kuuliza kama njia iko hai ni vidogo, navyo hupenya, hivyo MPIO, programu ya seva inayogawa kazi kati ya njia mbili za kwenda kwenye hifadhi, moja kwa kila swichi, ikaendelea kuamini kwamba njia zote mbili ni nzima na kuigawia kila moja kazi. Data yenyewe ilipomiminwa kwenye njia ya pili, swichi iliitupa kila fremu (kifurushi cha data) iliyozidi kipimo chake, tena kimyakimya, kwa sababu swichi ya tabaka la pili, inayopitisha fremu tu bila kushughulika na IP, haina namna ya kumwarifu mtumaji. Seva na hifadhi zilikuwa zimekwisha kupatana ukubwa wa vipande vya TCP kwa kutazama MTU zao zenyewe tu.

Kulibaini kulihitaji ping moja (ujumbe wa kupima kama kifaa kinajibu) kwa kila njia, yenye baiti 8972 na katazo la kukatwa vipande: ni 9000 ukitoa 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP, itifaki inayotumiwa na ping. Njia ya kwanza ilijibu, ya pili ikanyamaza. Ni kazi ya dakika moja, na aliyelipwa hakuifanya. Je, alipima nini kabla ya kutuletea ankara?

La pili ni baya zaidi, kwa kuwa halikuwa kusahau bali uamuzi. Njia zote mbili za hifadhi aliziweka kwenye VLAN 1 (VLAN ni sehemu ya mtandao inayotengwa ndani ya swichi), pamoja na kompyuta za ofisi, printa na simu za mezani. Siku mtumishi alipochomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ndogo iliyo chini ya meza, tufani ya fremu zinazozunguka bila kikomo ilizifikia njia zote mbili kwa pamoja, na seva zetu za Linux, ambazo kwa kawaida huipa amri ya diski sekunde 30, zikageuza mifumo yao ya mafaili kuwa ya kusomwa tu. Mtumishi yule alikaripiwa. Mimi nasema hakustahili, kwa sababu kebo ya chini ya meza haikupaswa kabisa kuwa na njia ya kuzifikia diski za wanachama. Zaidi ya hayo, poti za seva hazikutangazwa kuwa za ukingoni, yaani zinazoishia kwenye kifaa na si kwenye swichi nyingine, kwa hiyo kiungo kikikatika na kurudi, STP, itifaki ya kuzuia mizunguko kati ya swichi, huishikilia poti sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla haijapitisha chochote.

Sasa ameleta pendekezo, pamoja na bei yake: tuziunganishe swichi mbili ziwe rundo moja, zikiendeshwa kama swichi moja, na tufunge kebo za seva kwa LACP, itifaki ya kuunganisha kebo kadhaa zitumike kama moja. Nimekataa. LACP huchagua kebo kwa kukokotoa anwani, hivyo kikao kimoja cha iSCSI hubaki kwenye kebo moja hata nyingine ikiwa tupu. Na swichi za rundo hutegemea ubongo mmoja, ambao ukikosea, au programu yake ikisasishwa, zote mbili zinaweza kuzimika pamoja. Tulinunua swichi mbili ili moja ikifa nyingine ibaki. Kila moja ipewe VLAN yake na mtandao mdogo wake, na MPIO ifanye kazi ya kuchagua njia.

Swichi ya pili nimeipandisha mwenyewe hadi 9216, na kuganda kwa mchana kumekoma. VLAN nitazitenganisha usiku wa Jumamosi. Hati ya makabidhiano sitaitia sahihi mpaka aje azime swichi moja mbele yangu, mashine pepe zikiwa kazini, kisha aiwashe na kuizima ya pili. Nawaomba waliowahi kumkataa mzabuni kwa jaribio la namna hii wanieleze waliliandikaje kwenye mkataba, kwa sababu wetu unasema tu kwamba vifaa "vimefungwa na vinafanya kazi".