Njia ya mtandao inapotea kila seva ya Linux inapowaka upya

mtu_wa_chake:
Asalaam alaykum wajuzi. Ofisini Chake Chake ipo seva ya Ubuntu 22.04, anwani yake 192.168.10.5/24, na inatokea intaneti kupitia 192.168.10.1. Tawi la Wete lina mtandao wa 192.168.50.0/24, unaofikiwa kwa ruta ya redio iliyopo hapa hapa Chake, 192.168.10.2. Nikiandika

`sudo ip route add 192.168.50.0/24 via 192.168.10.2`

mashine za Wete zinapatikana papo hapo. Umeme ukikatika, seva ikiwaka tena njia haipo. Ipi njia sahihi ya kuifanya ibaki? Kuna aliyeshauri niiweke amri hiyo kwenye crontab (orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe) na `@reboot`, yaani kila mashine ikiwaka.

fundi_darajani:
Waalaykum salaam. Amri ya `ip route` inaandika kwenye kernel (kiini cha mfumo) tu, haigusi faili lolote, ndiyo maana mashine ikizima inafutika. Crontab achana nayo. Umeme ukirudi, swichi na seva zinawaka pamoja. Cron inatoa amri mara moja tu, na kama kadi ya mtandao bado haijapata anwani, utapata kosa la "Nexthop has invalid gateway" na hakuna wa kuirudia.

Ubuntu Server inatumia netplan, chombo kinachosoma mipangilio ya mtandao kutoka kwenye mafaili. Ukikuta `50-cloud-init.yaml` ndani ya `/etc/netplan`, usiliguse, cloud-init (programu inayoipanga seva inapowaka) inaweza kuliandika upya. Fungua faili lako jipya, `/etc/netplan/99-wete.yaml`:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp2s0:
      routes:
        - to: 192.168.50.0/24
          via: 192.168.10.2
```

Jina la kadi litazame kwa `ip -br link`, usinakili langu. Nafasi za mwanzo wa mstari ziwe za spesi. Tab moja tu ikiingia, netplan inalikataa faili zima. Kisha:

`sudo chmod 600 /etc/netplan/99-wete.yaml`
`sudo netplan try`

Tumia `try`, hasa ukiwa umeingia kwa mbali kupitia SSH. Usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120, inarejesha mpangilio wa zamani, kwa hivyo hujifungii nje.

bi_swichi:
Naongeza kwa wenye kompyuta za mezani ambazo mtandao wake unaendeshwa na programu ya NetworkManager:

`nmcli connection modify "Wired connection 1" +ipv4.routes "192.168.50.0/24 192.168.10.2"`
`nmcli connection up "Wired connection 1"`

Hiyo alama ya kujumlisha ni muhimu mno. Ukiisahau, njia zote zilizokuwapo kwenye muunganisho huo zinafutwa na inabaki hii moja.

mtu_wa_chake:
Ahsanteni sana. Nimewasha upya na `ip route` inaionesha. Nitahakikishaje kuwa ndiyo inayotumika? Na kompyuta nyengine za ofisi, niiweke njia hii kwa kila moja?

fundi_darajani:
Andika `ip route get 192.168.50.20`. Jibu likiwa na `via 192.168.10.2`, pakiti zinapita panapotakiwa. Njia ya kurudi kutoka Wete ipo tayari, vyenginevyo amri yako ya mwanzo isingefanya kazi.

Kwa kompyuta nyengine, wengi wangeiweka njia kwenye 192.168.10.1 wakamaliza. Ping itajibu, halafu kuingia kwenye mafaili ya Wete kutasuasua au kukwama kabisa. Sababu ni kwamba pakiti za kwenda zinapita kwenye 10.1, za kurudi zinatoka 10.2 moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Ukuta wa moto wa 10.1 unaona nusu tu ya mazungumzo, na yanayofuata unayatupa.

Bora uzipe kompyuta njia hii kwa DHCP (huduma inayozigawia anwani), chaguo namba 121. Humo weka pia 0.0.0.0/0 (yaani anwani nyengine zote) kupitia 192.168.10.1, kwani kompyuta ikipokea 121 inalipuuza lango la kawaida la chaguo namba 3, na ofisi nzima itakosa intaneti.