Naomba ushauri: Star Wars tuanze na ipi?

Wakuu, mdogo wangu hajaona filamu za Star Wars hata moja, na wikiendi hii nataka tuanze. Nimekwama kwenye mpangilio. Tukifuata namba za sehemu, tunaanza na sehemu ya kwanza, iliyotoka 1999, mhusika Anakin akiwa bado mtoto, halafu kwenye ya 2005 anageuka Darth Vader, yule adui mkuu, tukimwona kabisa. Sasa ile siri ya 1980, Vader anapomwambia Luke, shujaa wa zile za zamani, kuwa yeye ndiye baba yake, itamshtua nani tena? Mimi niliirudisha nyuma mara tatu! Lakini tukianza na ya 1977 nahofia ataiona ya kizamani, na huyu akishaboreka tu anashika simu. Kuna aliyejaribu kuzichomeka zile za Anakin katikati, baada ya hiyo ya 1980? Mliyekuwa naye alielewa, au alichanganyikiwa?