Spirou namba 1071 ya babu: niuze?

Mwana wa Kamalondo:
Jambo bandugu. Babu yangu alikuwa karani wa Union Minière, kampuni ya migodi, hapa Lubumbashi. Ndani ya sanduku lake la bati nimekuta gazeti la katuni la Ubelgiji, Spirou, namba 1071, la tarehe 23 Oktoba 1958. Nasikia ndimo Schtroumpf (Smurf) wa kwanza alipotokea. Jalada limepauka, pini zimeshika kutu, lakini kurasa zote zipo, nimezihesabu mara tatu. Mtu ananipa dola 20 na anataka jibu kesho.

Yaya wa Katuba:
Usiuze kesho, mdogo wangu! Tarehe ni yenyewe. Wale Schtroumpf, watu wadogo wa buluu wa mchoraji Peyo, walianzia ndani ya hadithi ya katuni yake nyingine, Johan na Pirlouit, ile ya filimbi, kwa hiyo wengi huipita namba hiyo bila kuitambua. Tazama mgongo: kuna alama za gundi? Kingo zimekatwa? Dupuis, wachapishaji wa Spirou, walikuwa wanajalidi pamoja magazeti yaliyobaki bila kuuzwa. Lililong'olewa humo bei yake hushuka sana.

Mzee wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi):
Hiyo kutu usiiguse, wala usibandike skochi (utepe wa gundi). Mimi nilibandika ukurasa wa gazeti langu la 1957. Gundi ikageuka njano, ikala wino. Bado inaniuma. Liweke mbali na jua na mchwa. Halafu tafuta bei zilizolipwa kweli minadani Ubelgiji, si zile wauzaji wanazoomba.

Mwana wa Kamalondo:
Nimetazama: pini mbili, gundi hakuna. Nimemwambia yule mtu asubiri. Aksanti, wakubwa.