Je, mbwa wa nyumbani anaweza kumfundisha mtu kuishi vizuri?

Mstaafu wa Kihamba (Moshi)

Wanajukwaa, salaam. Nilistaafu kazi ya uhasibu miaka miwili iliyopita, na sasa ninaishi kijijini kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Kwa miaka tisa nimekuwa na mbwa anayeitwa Simba, ambaye kwa muda wote huo sikumhesabu kuwa zaidi ya kitasa cha pili cha lango: mchana alifungwa mnyororo chini ya mparachichi, usiku alifunguliwa, na chakula chake kilikuwa ugali wa jana na mchuzi wa dagaa. Mnyororo huo umechora duara la udongo mtupu lisiloota hata jani. Kuku wa jirani wanaujua mpaka wa duara hilo kuliko mpima ardhi, kwani hudonoa nje yake, kidole kimoja tu kutoka ukingoni, bila wasiwasi wowote.

Mwaka huu daktari aliniambia kwamba shinikizo langu la damu limepanda, akaniagiza nitembee nusu saa kila siku. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kijijini mtu mzima hatembei bila jambo. Kila lango unalolipita unaulizwa unakwenda wapi, na ukijibu kwamba huendi popote, unapewa pole. Nikaamua kumfunga Simba kamba na kutoka naye, ili angalau niwe na kisingizio. Sasa wananicheka kwamba nimekuwa mzungu, lakini hawaniulizi tena.

Kilichonileta hapa ni niliyoyaona njiani. Mimi hutembea huku nikipiga hesabu ya ada ya mjukuu na ya bati la jikoni linalovuja, ilhali Simba husimama kwenye jiwe lile lile alilolinusa jana na juzi, akalinusa upya kana kwamba limeletwa usiku. Tukirudi hunywa maji, akajinyoosha, akalala usingizi ambao mimi siupati hata kwa vidonge. Swali langu ni hili: je, kuna jambo la kweli ambalo binadamu anaweza kujifunza kwa mbwa kuhusu kuishi vizuri, au mimi ni mzee mpweke anayemvika mnyama hekima asiyokuwa nayo?

Daktari wa Mifugo (Mwanza)

Shikamoo, mzee. Nianze na lile jiwe, kwa sababu wengi hukosea hapo. Kwa macho yako ni lile lile, lakini kwa pua yake si lile lile hata kidogo. Pua ya mbwa ina mamia ya mamilioni ya chembe za kunusia, na ya kwetu ina milioni chache tu. Pale Simba anajua ni mbwa gani alipita usiku, kama ni dume au jike, na pengine kama ni mgonjwa. Anasoma gazeti la leo, na wewe unamvuta akiwa bado kwenye ukurasa wa kwanza. Ukitaka kujifunza kitu kwake, mwachie dakika mbili zaidi.

Hukosei kabisa unapohisi kwamba kuna kinachopita kati yenu. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili, ile ile inayomfunga mama na mtoto anayenyonya. Mbwa mwitu waliolelewa na watu tangu utotoni hawakuonyesha jambo hilo.

Somo ambalo mimi mwenyewe nimelipata ni la upasuaji. Niliwahi kuletewa mbwa aliyegongwa na bodaboda, nikalazimika kumkata mguu wa nyuma. Mwenyewe, mama mmoja muuza samaki, alilia kuliko mgonjwa. Siku ya tatu mbwa alisimama, akayumba, akaangukia ndoo, akasimama tena. Baada ya wiki mbili alikuwa anafukuza paka kwa miguu mitatu. Yule mama akaniuliza kama mbwa wake hataona aibu kutoka nje. Sikuwa na jibu la kitabibu.

Nisisahau kazi yangu: mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka, kwa sababu karibu wagonjwa wote wa kichaa hicho huambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Aking'atwa mtu, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Binti wa Nakuru

Bado hakuna aliyetaja uaminifu wa mbwa, lakini najua utatajwa, kwa hiyo nitangulie kuupinga. Nililelewa katika nyumba ambamo mbwa alipigwa teke jioni na asubuhi akaja akitikisa mkia kwa yule yule aliyempiga. Wageni waliusifu moyo wake. Baadaye nilipokua nilitambua kwamba mama yangu naye alikuwa anasifiwa kwa maneno yale yale, na watu wale wale, kwa sababu ile ile. Mbwa hurudi kwa sababu chakula kiko pale na hana pa kwenda. Hiyo si tabia njema ya kuigwa na mtu. Ni hali ya kuhurumiwa, na anayetakiwa kujifunza hapo ni mwenye mguu.

Ninaye mbwa jike sasa, wa kuokotwa, na ninampenda. Nilichojifunza kwake ni kunguruma. Mtoto wa dada yangu akimvuta sikio, kwanza hugeuza uso, kisha hukaza mwili, kisha hunguruma kwa sauti ya chini kabisa, na mtoto akiacha, jambo limekwisha. Hakuna kununa, wala kinyongo cha wiki nzima. Mimi nilifundishwa kutabasamu mpaka siku nitakayolipuka. Nilikuwa na umri wa miaka 34 nilipojifunza kusema "hapana" kwa sauti ya chini na mapema, na sioni haya kukiri nimeipata wapi.

Daktari wa Mifugo (Mwanza)

Dada, umesema jambo ambalo huwa nalirudia kila siku kliniki. Watu humchapa mbwa anaponguruma, wakidhani wanamfundisha adabu, kumbe wanamwondolea onyo tu na kumwachia meno. Mbwa wa namna hiyo ndiye ambaye baadaye "ameng'ata bila sababu".

Maalim wa Muheza

Assalaam alaykum. Sisi wa Pwani tulilelewa kwa onyo kwamba ukizoeana na mbwa atakufuata hadi msikitini, na katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hukumu hiyo ninaifuata, na mbwa haingii ndani ya nyumba yangu. Lakini unajisi si chuki, na hapo ndipo wengi walipochanganya mambo, hadi mtoto akaona ni halali kumrushia jiwe mbwa anayejipitia njia yake. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo au shamba, na mimi ninao wawili kwenye shamba la michungwa, bila wao ngedere wangeshanimaliza.

Katika Sura ya Pango ya Qurani, vijana waliokimbilia pangoni wanatajwa pamoja na mbwa wao, aliyenyoosha miguu yake kizingitini, na watu wanapobishana kuhusu idadi ya vijana hao, mbwa anahesabiwa kila mara. Ipo pia hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani kunywa maji, alipotoka akamkuta mbwa anahema na kula udongo mbichi kwa kiu. Akasema moyoni kwamba kiu iliyompata mbwa huyu ndiyo iliyonipata mimi, akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili apande, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mzee wa Moshi, tazama kwamba mbwa yule hakufundisha kitu chochote. Alikuwa na kiu tu, na aliyemwona alikuwa ametoka kuwa na kiu sasa hivi. Tangu nilipoisoma hadithi hiyo kwa makini, beseni la wale wawili hulijaza kabla sijanywa mimi.

Mtembezi wa Bonn

Ninaishi Ujerumani, na hapa Bonn kuna jambo linalohusu mada hii moja kwa moja. Mwaka 1914, katika kitongoji cha Oberkassel ng'ambo ya mto Rhine, lilifukuliwa kaburi lenye umri wa miaka ipatayo 14,000. Lilikuwa na mifupa ya mwanamume, mwanamke na mtoto wa mbwa wa miezi kama saba. Watafiti waliochunguza meno ya yule mbwa wameeleza kwamba huenda aliugua vibaya, kwa ugonjwa ambao huua watoto wengi wa mbwa, na kwamba asingeishi wiki zile zote kama mtu hangemlisha na kumtunza. Mbwa wa hali hiyo hawindi wala halindi. Wakati huo hakuna aliyekuwa amelima shamba popote katika nchi hii, na tayari mtu alikuwa anakesha na mbwa mgonjwa.

Kuhusu siku hizi sina la kujivunia sana. Mbwa hapa hulipiwa kodi mjini na hutembezwa hata mvua inyeshe vipi, lakini nimegundua kwamba nayajua majina ya mbwa wanane wa mtaa wetu, na sijui jina la hata mmoja wa wenye mbwa hao.

Mstaafu wa Kihamba (Moshi)

Marahaba, daktari, na ahsanteni nyote. Nilitafuta kadi ya chanjo ya Simba, nikaikuta ndani ya faili la bima ya gari nililoliuza zamani. Sindano ya mwisho ilikuwa miaka minne iliyopita. Mhasibu mzima! Jumatatu alichanjwa.

Binti wa Nakuru, maneno yako kuhusu mwenye mguu yalinikosesha usingizi uliobaki. Siku ya pili yake nilimvua Simba mnyororo mchana kweupe. Alitembea hadi ukingo wa duara lake, akasimama pale pale mnyororo ulipokuwa ukiishia, akarudi chini ya mparachichi. Ikawa hivyo siku nne. Jana jioni nilikaa na chai yangu upande wa pili, kwenye majani, bila kumwita. Aliweka mguu mmoja nje, kisha wa pili, akaanza kuyanusa yale majani polepole, jani kwa jani. Kuku mmoja wa jirani aliinua kichwa, akamtazama, akaendelea kudonoa.