Mtoto wa wiki mbili, nimpe nyonyo (chuchu bandia ya kumtuliza)?

MamaZuhura: Wapendwa, kichanga wangu analia kila jioni hata akishashiba. Wifi kaniletea nyonyo ya Kariakoo, ina kamba ya kuvaa shingoni. Bibi yake anasema niichovye kwenye asali ndo ataipokea. Nianze lini?

DadaNesi: Hongera mama. Subiri kwanza akamate titi vizuri na uzito upande, wiki ya nne hivi. Ukimpa sasa, utazima kilio cha njaa bila kujua. Asali hapana kabisa mpaka atimize mwaka, ina hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria. Na hiyo kamba itoe leo hii, inanyonga!

BabaPacha: Ivute kwa nguvu kabla hujampa. Ikiachia, tupa. Tafuta ya kipande kimoja, kitako kipana kuliko mdomo wake, chenye matundu ya hewa.

MamaWaTanga: Mpya ichemshe dakika 5, ipoe. Ikidondoka usiilambe ukamrudishia, jamani, ioshe. Akiikataa usimlazimishe, wangu wa pili aliitema mpaka ikawa ya mwanasesere wa dada yake.

MamaZuhura: Asanteni. Kamba nimeshakata. Bibi kanuna, ila asali karudisha kabatini.