Nimekuta mdogo wangu yuko kwenye grupu la watu wanaopanga kujiua. Naanzia wapi?

Dada wa Kihonda:
Wakuu, habari za usiku. Naomba utani tuuweke kando kwenye uzi huu.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Alidisko chuo mwaka jana, yaani alifeli akaondolewa, tangu hapo tunaishi naye hapa Morogoro. Jana umeme uliisha na simu yangu ilikuwa imezima, nikachukua yake ninunue LUKU. Wakati nasubiri tokeni, ikashuka meseji ya Telegram pale juu: "Kaka, bado hujatuambia tarehe."

Nikafungua. Ni grupu la watu waliochoka kuishi. Wamo wa Dar, wamo wa Nairobi, na wengine wanaandika Kiingereza, sijui wako wapi. Nilitegemea kukuta matusi na picha za kutisha, lakini kilichonimaliza nguvu ni upole wao. Mtu akiingia anaambiwa karibu ndugu, hapa hakuna wa kukusema vibaya. Halafu ukipandisha juu unakuta wanajadili namna ya kufanya, nani amefikia wapi, nani anaogopa nini, kama watu wanaopanga safari ya basi. Mdogo wangu ameandika humo mambo ambayo kwangu hajawahi kuyagusia hata kwa mafumbo. Na kuna mmoja anamfuata inbox, anajitambulisha kama msichana, anamwambia wataondoka pamoja ili asiwe na hofu.

Yeye hajui kwamba nimeona. Mama ana presha, sijamwambia. Mjomba najua atasema apelekwe kwenye maombi tu. Nimnyang'anye simu? Nimwambie nimesoma? Na nikimpeleka hospitali, polisi hawatajiingiza?

Mzee wa Mabibo:
Nyang'anya simu leo hii, mpe jembe. Hawa vijana wamedekezwa. Sisi tulilala njaa na hatukuwaza ujinga huo.

Chuma Chakavu:
Pole sana. Ila hebu tupia screenshot tuone wanazungumzia njia zipi.

Msimamizi wa Jukwaa:
Hakuna screenshot itakayowekwa hapa, na nimefuta jibu jingine lililoanza kutaja njia. Uzi huu unasomwa pia na watu walio kwenye hali kama ya huyo kijana, na wengine hawatatuambia. Kama ni wewe, usibaki peke yako usiku huu: mwamshe mtu mmoja unayemwamini, au nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Kwa watoto, 116 ni bure hapa Tanzania.

Nesi wa Zamu:
Dada, shukuru umeona mapema. Kabla ya simu, kuna jambo la usiku huu: asilale peke yake. Dawa zote za nyumbani, za presha ya mama zikiwemo, na za shamba kama mnazo, zitoke mahali anapofikia, zifungiwe au zipelekwe kwa jirani. Usimtangazie. Fanya tu. Wimbi la kutaka kujiua mara nyingi hupanda kwa ghafla na kushuka, na wengi wanaovushwa salama saa zile mbaya hawafi baadaye kwa kujiua.

Kisha muulize, na umuulize kwa neno lenyewe. Usizunguke na "una mawazo gani siku hizi". Sema: "Je, unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpandikizia wazo. Si kweli, utafiti umerudia mara nyingi kuonyesha hivyo, na wodini naona wanavyoshusha pumzi wakiulizwa. Akisema ndiyo, muulize kama ana siku aliyopanga. Kama siku ipo na iko karibu, hakuna cha kusubiri Jumatatu, ni hospitali sasa hivi.

Mzee wa Mabibo, kwa heshima zote, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaokufa kwa kujiua duniani kwa mwaka, na kwa umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Wakulima wenye majembe wamo humo.

Mtu wa Usiku:
Nimekuwa kwenye grupu la namna hiyo, kwa hiyo niseme kidogo.

Usimwambie ni la wachawi wala wahuni. Atakuona huelewi kitu. Huku nje nilikuwa nikisema nimechoka, naambiwa sali, funga, oa. Kule mtu ananijibu saa nane usiku na ananiuliza leo umekula. Kilichonifungua macho ni siku nilipoandika kwamba nimejisikia nafuu kidogo, nimeenda hadi kwa kinyozi. Grupu zima kimya. Waliokuwa wananibembeleza kila usiku, hakuna hata mmoja aliyejibu. Ukiwa mbovu una ndugu mia, ukipona huna hata mmoja.

Simu akinyang'anywa atatafuta nyingine, na atajifunza kukuficha vizuri zaidi. Aliyenitoa mimi ni binamu yangu, na hakunihubiria. Alikuwa anakuja na chipsi, anakaa.

Wakili Asiye na Joho:
Huyo "msichana" wa inbox ndiye anayenitia wasiwasi kuliko grupu lenyewe. Kule Minnesota, Marekani, kulikuwa na mwanaume mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliyekuwa akiingia kwenye mabaraza ya watu waliokata tamaa na kujifanya muuguzi wa kike kijana anayetaka kufa. Alikuwa anaahidi kuondoka pamoja nao. Yeye hakuwa na mpango wa kwenda popote. Mwanaume mmoja Uingereza alikufa 2005 na binti wa chuo Kanada 2008, wote walikuwa wamewasiliana naye. Alitiwa hatiani 2011, kesi ikazunguka kwenye rufaa, akatiwa hatiani tena 2014. Kwa hiyo mwonyeshe mdogo wako kwamba hajui hata jinsia ya anayemshika mkono. Mazungumzo msiyafute, yahifadhini, ndipo mumripoti na kumblock, naye akiwa ameridhia.

Kuhusu polisi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu bado kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwangu ni kifungu kilichopitwa na wakati, maana kinawafanya watu wafiche wagonjwa. Lakini mdogo wako hajajaribu. Kuwaza si kosa, na kumwambia daktari si kosa.

Otieno wa Kisauni:
Huku Kenya Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo, 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa Wakenya mlio humu: 1199 ni laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, na Befrienders Kenya ni 0722 178 177. Pole dada, tuko pamoja.

Dada wa Kihonda:
Nimerudi. Nimemuuliza, tukiwa jikoni, nachambua mchele. Nilimwambia kwanza kwamba nimeona simu, sikutaka aone namtega. Alinyamaza mpaka nikadhani ameudhika, kisha akasema "ndiyo". Tarehe hana, au hajaniambia.

Kumbe chini yake kuna deni. Baada ya kudisko alianza kubeti, akakopa kwenye programu za simu, hizi kausha damu. Anakopa hii kulipa ile. Aliposhindwa, wakawatumia meseji watu wote waliomo kwenye simu yake: shangazi, mwalimu wake wa zamani, mama wa binti aliyekuwa naye. Wameweka picha yake na neno "TAPELI". Anasema kila akitoka nje anahisi mtaa mzima umeisoma.

Mhasibu wa Msamvu:
Hapo pa deni niachieni mimi. Asikope popote tena, hata shilingi, kulipia hilo. Andikeni kila mkopo, kiasi alichopokea kweli mkononi, siyo kile wanachodai. Nyingi za programu hizo hazina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni. Kusambaza taarifa zake kwa watu ni jambo la kulalamikia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ipo tangu 2022, kwa hiyo hizo meseji zitunzwe.

Na wewe dada, kwa jina lako, watumie wale watu ujumbe mmoja mfupi: simu ya mdogo wetu imetumiwa na wakopeshaji kumchafua, jambo linashughulikiwa na familia, tusaidieni kutolijadili. Akiona shangazi kajibu "sawa mwanangu, poleni", mzigo utapungua kuliko unavyodhani.

Mzee wa Mabibo:
Hilo la mikopo sikulijua. Mama, mpe kijana pole. Neno la jembe nimelirudisha.

Dada wa Kihonda:
Asanteni. Kaka yetu mkubwa amefika kutoka Mikumi, atalala chumba kimoja naye. Simu anayo, tumekubaliana usiku iwe kwa kaka, na grupu ametoka mwenyewe mbele yangu. Sijui kama atarudi. Kesho tunakwenda hospitali ya mkoa, ila bima yake iliisha alipodisko. Nikifika nianzie wapi?

Nesi wa Zamu:
Fika mapema. Pale mapokezi usiseme anaumwa kichwa au hapati usingizi, mtapangiwa foleni ya malaria. Sema kwa sauti ya chini lakini wazi: "Anawaza kujiua, tunahitaji kumwona mtu wa afya ya akili leo." Kuhusu malipo, ulizia ofisi ya Ustawi wa Jamii hapo hapo hospitalini, kazi yao ni hiyo. Mkiambiwa mhusika hayupo, msirudi nyumbani, ombeni daktari wa zamu. Na kama usiku huu akibadilika, akianza kuaga watu au kugawa vitu vyake, msisubiri kuche.